Pasi ya Reli Hununuliwa Mwisho: Mafunzo Manane ya Safari Mbili za Japani

Nimekwenda Japani mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa na pasi ya reli mkononi. Mara ya kwanza ilikuwa Aprili 2019, nilipomsindikiza mdogo wangu kuanza shahada ya uzamili Hiroshima. Mara ya pili, Machi 2024, nilikwenda na Mama, mwalimu mstaafu, tukahudhurie mahafali ya mdogo wangu huyohuyo, sasa akipokea shahada ya uzamivu. Mara ya kwanza pasi iliniokolea pesa nyingi. Mara ya pili ilinila, na ilichokula si pesa peke yake.

Kwa asiyeifahamu, Japan Rail Pass ni tiketi ya mgeni anayekwenda kutembea. Unalipa mara moja, kisha kwa siku 7, 14 au 21 mfululizo unapanda treni za kampuni za JR nchi nzima, zikiwemo treni za mwendokasi wanazoziita Shinkansen, bila kukata tiketi kila safari. Ilianza kuuzwa mwaka 1981, enzi reli zikiwa za shirika moja la serikali. Mwaka 1987 shirika hilo liligawanywa kuwa kampuni za JR, pasi ikaendelea kuwepo. Wageni wengi huinunua kabla hawajapanda ndege, na hapo ndipo penye mtego: uamuzi mkubwa wa pesa unaufanya ukiwa sebuleni kwako, kabla hujaiona hata stesheni moja.

Haya ndiyo niliyojifunza. Nayaandika kwa ajili ya mtu aliye na simu mkononi usiku huu, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kulipia.

1. Chora safari kwanza, pasi iwe ya mwisho

Ukiomba viza ya Japani unadaiwa ratiba ya siku kwa siku: tarehe fulani utakuwa mji gani, utafanya nini, utalala wapi. Wengi wetu tunaijaza karatasi hiyo kama adhabu, tukishaikabidhi ubalozini tunaisahau. Mimi niliisahau mara mbili.

Leo ninaamini hakuna karatasi yenye thamani kuliko hiyo kwa mtu anayefikiria pasi. Ichukue, chora mstari chini ya kila siku unayohama mji, andika nauli pembeni, jumlisha. Kwa safari yetu ya 2024 mistari ilikuwa mitatu tu: Tokyo hadi Kyoto, kama yeni 14,000, Kyoto hadi Hiroshima, kama yeni 11,000, Hiroshima kurudi Tokyo, kama yeni 19,500. Jumla haifiki yeni 45,000. Pasi ya siku 7, daraja la kawaida, ilikuwa yeni 50,000, yaani zaidi ya laki nane za Kitanzania kwa kila mmoja wetu.

Hesabu hiyo ya dakika kumi niliifanya nikiwa nimesharudi Dar es Salaam. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe nilikuwa nalo kwenye begi muda wote.

2. Ushauri una tarehe yake

Mwaka 2019 pasi hiyohiyo niliinunua kwa yeni 29,110. Njia ilikuwa ileile: Tokyo, Kyoto, Hiroshima, Tokyo. Niliokoa karibu yeni 15,000. Nilirudi nyumbani nikiwa mhubiri wa pasi. Kila aliyeniambia anakwenda Japani nilimjibu, "Nunua pasi, usiwaze mara mbili."

Tarehe 1 Oktoba 2023 bei zikapanda: ya siku 7 kutoka yeni 29,650 hadi 50,000, ya siku 14 kutoka 47,250 hadi 80,000, ya siku 21 kutoka 60,450 hadi 100,000. Nauli za tiketi moja moja hazikupanda kwa kiasi hicho. Kabla ya hapo, kwenda na kurudi kati ya Tokyo na Kyoto peke yake kulikaribia kurudisha gharama ya pasi. Baada ya hapo unahitaji kuzunguka kwelikweli.

Bei mpya niliiona wakati wa kulipa. Nikajisemea vitu vyote vimepanda, nikalipa. Nilikuwa naufuata ushauri wangu mwenyewe, nao ulikuwa umeshapitwa na wakati. Tangu siku hiyo, mtu akinishauri kuhusu nauli au viza namuuliza kwanza: wewe ulikwenda lini?

3. Viza itangulie, malipo yafuate

Hati ya pasi unayonunua nje ya Japani ni lazima ibadilishwe kuwa pasi yenyewe ndani ya miezi mitatu tangu itolewe. Kwa mwenye pasipoti isiyohitaji viza, muda huo ni mrefu. Kwetu sisi unaweza kukuishia mikononi. Unasubiri barua ya mwaliko, unasubiri taarifa ya benki, unasubiri siku ya kupeleka maombi, na huku tarehe za hati zinakwenda.

Mwaka 2019 nililipa kabla ya viza kutoka, nikaishi wiki tatu bila amani. Hati isiyobadilishwa hurudishiwa pesa kwa makato, lakini makato ni makato, na pesa iliyotoka Tanzania kwa kadi haina haraka ya kurudi. Mwaka 2024 nilisubiri mpaka pasipoti zetu zote mbili zikarudi zikiwa na viza ndani. Katika yote niliyoyafanya kuhusu pasi ile ya pili, hilo ndilo ninalojivunia.

4. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, lote

Sisi watu wa majina matatu tuna mazoea ya kuandika mawili: langu na la baba. La babu tunaliacha kwenye vyeti. Mwaka 2019 niliijaza fomu ya pasi kwa mazoea hayo. Nilipofika dirishani kwenye uwanja wa ndege wa Narita, nje ya Tokyo, kubadilisha hati, yule dada aliyenihudumia aliweka hati na pasipoti sambamba, akaviangalia, akaviangalia tena, akainuka na kwenda kwa mkubwa wake. Nilisimama pale karibu nusu saa. Hatimaye walinikubalia, lakini wangeweza kukataa na haki ingekuwa yao, kwa sababu masharti yanataka jina lifanane na la pasipoti.

Jambo la pili liko ndani ya pasipoti hiyohiyo. Pasi hutolewa kwa aliyeingia nchini kama mgeni wa muda mfupi, na uthibitisho ni alama ambayo ofisa wa uhamiaji huiweka kwenye ukurasa. Usiondoke uwanja wa ndege bila kuufungua ukurasa huo na kuiona kwa macho yako.

5. Pasi si ya kila aliye safarini nawe

Mwaka 2019 mimi na mdogo wangu tulishuka kwenye ndege moja, tukapanga foleni pamoja. Mimi nikatoka na alama ya mgeni wa muda mfupi. Yeye akatoka na kadi ya mkazi, maana viza yake ilikuwa ya masomo. Tangu dakika hiyo tulikuwa watu wawili tofauti mbele ya reli. Mimi nilikuwa na haki ya pasi, yeye hakuwa nayo hata kwa siku moja, ingawa sote tulikuwa tunalala usiku wetu wa kwanza Japani.

Hatukulijua hilo mapema. Bajeti ya familia ilikuwa imepigwa kwa pasi mbili, na tulizinunua zote. Ya kwake tuliirudisha kwa makato, kisha akakata tiketi. Baadaye chuoni aliambiwa kwamba mwanafunzi ana punguzo lake: asilimia 20 ya nauli ya msingi kwa safari inayozidi kilomita 100 kwenda upande mmoja, akileta cheti kutoka chuo.

Wanaokwenda Ulaya wana mgawanyiko kama huo. Pasi ya Eurail ni ya wanaoishi nje ya Ulaya; ndugu yako anayeishi London au Stockholm hununua Interrail. Na huko nako treni nyingi za mwendokasi za Ufaransa, Italia na Hispania zinadai malipo ya kuhifadhi siti hata kama pasi unayo. Kabla ya kulipia familia nzima, uliza habari za kila mtu peke yake: anaishi wapi, na ameingia kwa viza gani.

6. Siku ya pasi huisha saa sita ya usiku

Siku 7 si saa 168. Zinahesabiwa kwa kalenda, na siku uliyoanza saa kumi na moja jioni ni siku nzima iliyotumika. Mwaka 2019 nilitua Narita alasiri, nikaiwasha pasi papo hapo ili nipande treni ya kwenda mjini. Nauli ya treni ile ni kama yeni 3,000. Siku moja ya pasi, ukigawanya bei kwa saba, ilikuwa zaidi ya yeni 4,000. Nililipia siku nzima kwa safari ya saa moja.

Dirishani utaulizwa unataka pasi ianze lini, na unaweza kuchagua tarehe ndani ya mwezi mmoja. Mwaka 2024 nilijirekebisha: siku zetu tatu za Tokyo tulitumia kadi ya kuchaji, tunaongeza pesa na kugusisha getini, pasi ikaanza asubuhi ya kuondoka kwenda Kyoto. Ukishaianza hakuna kusimamisha. Ukiugua siku mbili, hizo zimekwenda. Ukiipoteza, hawakutolei nyingine. Ile ya 2019 ilikuwa karatasi ya kukunja, unamwonyesha mfanyakazi pembeni mwa geti. Ya 2024 ilikuwa kitiketi kidogo unachokiingiza kwenye mashine, kinatokea upande wa pili. Mama alikifunga kwenye kona ya leso yake, akaipiga fundo mara mbili, na hakikupotea.

7. Soma pasi inapoishia

Matangazo hukueleza pasi inakofika. Wewe tafuta inakoishia. Treni za chini ya ardhi za Tokyo na Kyoto hazimo. Reli za kampuni binafsi, ambazo ni nyingi sana eneo la Kyoto na Osaka, hazimo. Sanduku ambalo urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 ni lazima lihifadhiwe nafasi mapema kwenye treni za mwendokasi za njia ya Tokyo hadi Hiroshima. Malipo hakuna, ila usipofanya hivyo utatozwa yeni 1,000.

Kubwa zaidi ni Nozomi. Hiyo ndiyo treni ya kasi kuliko zote kati ya Tokyo na Osaka, kwa saa mbili na nusu hivi, na nyingi huunganisha moja kwa moja hadi Hiroshima. Mwaka 2019 mwenye pasi hakuruhusiwa kuipanda, labda alipe nauli nzima. Sisi wa pasi tulipanda Hikari, inayosimama zaidi, kisha tukabadilisha treni Osaka. Tangu Oktoba 2023 unaruhusiwa ukilipa nyongeza: kati ya Tokyo na Hiroshima ni yeni 6,500.

Nikiwa peke yangu, kubadilisha treni Osaka kulikuwa jambo la kushuka na kupanda. Nikiwa na Mama, magoti yake na mabegi mawili, hapana. Tulipotoka Hiroshima kurudi Tokyo nililipa nyongeza kwa wote wawili, tukakaa siti moja saa nne bila kuinuka. Sijutii hata yeni moja ya nyongeza hiyo. Ila sasa pasi ya Mama ilikuwa imefika yeni 56,500, kwa safari ambazo tiketi zake hazifiki 45,000.

Na nje ya pasi ile kuu kulikuwa na nyingine ambayo sikuiangalia kabisa. Kampuni za JR zinauza pasi za maeneo. Ya eneo la Kansai hadi Hiroshima, ya siku 5, ilikuwa yeni 17,000, na inaanzia uwanja wa ndege wa Kansai wenyewe, ulio upande wa Osaka. Kama ningekata tiketi ya ndege ya kutua Osaka badala ya Tokyo, kwenda na kurudi kwa mdogo wangu kungegharimu theluthi moja ya nilicholipa. Bei ya reli ilikuwa imeshaamuliwa siku niliyochagua uwanja wa kutua, na siku hiyo reli sikuifikiria.

8. Usiifukuzie pesa uliyokwisha kulipa

Hili ndilo lililonifanya niandike.

Siku ya pili baada ya mahafali tulikuwa hatuna ratiba. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeanza kuhisi kwamba pasi haijarudisha gharama. Nikatazama ramani, nikaona Hakata, stesheni kuu ya mji wa Fukuoka, saa moja na dakika chache kwa treni ya mwendokasi. Kwenda na kurudi ni kama yeni 18,000, na mimi ningelipa sifuri. Asubuhi nikawaambia twendeni.

Mama akanitazama. "Huko kuna nini?"

Sikuwa na jibu. Nikasema ni mji mzuri, na pasi tunayo.

"Nenda wewe mwanangu," akasema. "Mimi nimekuja kwa huyu."

Nikaenda. Nilitembea Hakata saa nne, nikala supu ya tambi, nikanunua biskuti, nikarudi Hiroshima giza limeshaingia. Kwa hesabu ya karatasi, ukijumlisha na safari ya kurudi Tokyo, pasi yangu ilikuwa imerudisha gharama na kuzidisha yeni elfu kadhaa.

Siku hiyohiyo Mama na mdogo wangu walikwenda Bustani ya Amani. Mama alifundisha historia kwa zaidi ya miaka thelathini, na tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, saa ya bomu la atomiki la Hiroshima, aliiandika ubaoni mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Walikaa kwenye benchi kando ya mto, mkabala na lile jengo lililobaki mifupa, kuba lake likiwa vyuma vitupu. Hapo ndipo mdogo wangu alipomweleza habari za mwaka wa korona: alivyofungiwa chumbani peke yake kwenye nchi ambayo lugha yake ilikuwa bado haijamkaa ulimini, alivyofungasha begi mara mbili akitaka kurudi, na kilichomzuia. Mambo hayo hakuwahi kuyasema kwenye simu. Mama alinisimulia baadhi usiku ule. Mengine alisema ni ya pale pale bustanini.

Nimelipa nauli nyingi maishani. Hakuna iliyonigharimu kuliko ile ya bure ya Hakata.

Pesa ya pasi ikishatoka imetoka. Hairudi kwa kupanda treni nyingi. Kinachoongezeka ni siku ulizozitumia kuifukuzia. Kwa hiyo kama unanunua pasi, nunua kwa sababu safari uliyoichora inaihitaji, na ukishaianza, isahau bei yake. Ukijiona umesimama stesheni asubuhi na jibu lako la pekee la "huko kuna nini" ni "pasi tunayo", geuka, rudi ulikowaacha watu wako.

Kesho yake tulikwenda sote watatu kisiwa cha Miyajima. Kutoka Hiroshima unapanda treni ya kawaida hadi Miyajimaguchi, dakika kama 27, kisha kivuko cha dakika kumi. Treni ile haina haraka. Inasimama kila stesheni, wanafunzi wanaingia na kushuka, bibi na mfuko wake wa vitunguu anakaa mkabala nawe. Mama alikuwa ametulia kuliko siku zote. Miaka ya sabini mwishoni na themanini alikuwa akisafiri kwa TAZARA kati ya Dar es Salaam na Mbeya kila likizo, akiwa mwalimu kijana.

"Hii," akasema, akipiga kiti kwa kiganja, "hii ndiyo treni."

Niliporudi nyumbani niliangalia. Shinkansen hupita kwenye reli ya upana wa milimita 1,435, kama SGR yetu. Lakini njia ile ya zamani ya kwenda Miyajimaguchi ina upana wa milimita 1,067, sawasawa na TAZARA. Mwili wa Mama uliitambua reli kabla kipimo hakijasomwa na mtu.

Akisimulia Japani kwa wageni wake mpaka leo, treni ya mwendokasi huitaja kwa sentensi moja. Ya Miyajimaguchi huieleza kituo kwa kituo. Nauli yake, kwa asiye na pasi, ilikuwa yeni 420.